Njia ya Maradhi

Wasikilizaji wangu wa taadhima, mlioko hapa Sumbawanga mjini na mlioko mbali nasi, kuanzia Laela na Matai hata Namanyere na Kirando, na ninyi mliokaa chini kule bondeni, Muze na Mtowisa na Ilemba, ambako jua halina huruma ilhali sisi huku juu twajifunika mablanketi mawili mwezi wa Juni, naomba idhini ya kuketi nanyi kitako kwa muda huu, nizungumzie jambo ambalo kila nyumba yalijua kwa uchungu wake, nalo ni maradhi: yatokako, na namna yatembeavyo hata yakatufikia.

Mwenye kuufahamu mji wetu ajua ya kuwa jina lake lenyewe ni amri. Wazee wa Kifipa hufasiri kwamba Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi", na kwamba mgeni aliyepanda kuja kwenye uwanda huu aliambiwa hivyo kabla ya kukaribishwa, auache uchawi wake njiani ndipo apewe maji ya kunywa na mahali pa kulala. Walakini sifa iliyotuenea nchini ni kinyume cha amri hiyo, maana kila niendako, iwe Dar es Salaam au Mwanza, nikitaja kwetu tu, mtu huniuliza habari za radi na watu wanaozituma, kana kwamba mawingu ya Milima ya Mbizi hayanyeshi ila kwa kuagizwa. Nalitaja jambo hili kwa sababu limebeba ndani yake swali ambalo nimelisikia misibani maisha yangu yote. Mtoto akifa, mtu mzima akianguka ghafula, nyumba moja ikitoa maiti wawili kabla matanga ya kwanza hayajaanuliwa, swali linalotangulia ni moja: nani? Nani amefanya, nani ametuma, nani alikuwa na kinyongo na marehemu? Nami kwa muda mrefu nimeamini, na leo nitajaribu kuwaonyesha kwa nini, kwamba swali hilo limetuzuia kuliuliza lile lingine ambalo lina jibu, yaani: kwa njia gani?

Nilikuwa bwana afya kwa miaka mingi, na mwaka mmoja, katika mwezi wa Februari, mvua zilipokuwa zimeifanya barabara ya kuteremka bondeni kuwa utelezi mtupu, nilitumwa katika kijiji kimoja kilicho karibu na Ziwa Rukwa, ambacho jina lake nalisitiri kwa ajili ya watu walio hai. Asiyepata kuteremka Lyamba lya Mfipa, ule ukingo mrefu unaoutenga uwanda wetu na bonde, hawezi kudhani jinsi nchi ibadilikavyo kwa mwendo mfupi. Huku juu tuko kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko kiasi cha mita 800, hata mtu aliyeanza safari akitetemeka kwa baridi baina ya mashamba ya ulezi na maharage hufika chini akivua koti lake, mbele yake kuna mpunga na makundi ya ng'ombe, na masikioni mbu. Mito inayoanza kwetu ikiwa safi na baridi huporomoka katika ukingo ule na kupita vijiji kwa vijiji, kila kijiji kikiichota, kikiifulia na kuinyweshea mifugo, hata ifikapo ziwani imekwisha kupokea kitu kutoka kwa kila mtu.

Nilipofika, nyumba moja ilikuwa imetoa maiti watatu kwa siku nne: mwanamume wa makamo na watoto wake wawili. Wote walikufa kifo kimoja, na waliokuwapo walinieleza kwa sauti za chini: kuhara maji matupu, meupe kama maji yaliyooshewa mchele, kutapika pasipo kichefuchefu kirefu, kisha macho kuzama, vidole kukunjamana kama vya mtu aliyefua nguo kutwa, sauti kukauka kooni, na mauti kabla ya siku kutimia. Kwangu mimi maelezo hayo yalikuwa jina tosha, nalo ni lile ambalo watu wa pwani zamani waliliita waba na sote leo twaliita kipindupindu. Lakini kijiji kilikuwa kimekwisha kupata jina lake jingine. Katika ua ule aliishi ajuza mmoja, na ajuza yule hakuugua. Alikaa ua mmoja na wagonjwa, aliwainua na kuwafuta, alilala chumba cha pili kutoka kwao, na maradhi hayakumgusa. Kwa watu wale hiyo ilikuwa ithibati iliyotimia: aliyesalimika ndiye aliyetuma.

Sikubishana nao, kwa maana kubishana na wenye msiba ni kuongeza jiwe juu ya kaburi. Nilimwomba mwenyekiti wa kitongoji anipe vijana wawili, tukatoka kwa miguu kuifuata njia ya maji. Tulianzia mlangoni mwa ile nyumba, tukashuka mtoni mahali wanawake wachotapo, tukapanda juu kidogo hata mahali pa kufulia, tukauliza kila tuliyekutana naye: marehemu alikuwa wapi kabla ya kuugua, nguo zake zilifuliwa wapi, nani alimwosha, waombolezaji walikula nini na maji yake yalichotwa saa ngapi. Jioni daftari langu lilikuwa limejaa, na habari yenyewe ilikuwa wazi kama njia ya ng'ombe kwenye majani. Marehemu wa kwanza alikuwa ametoka kambi ya wavuvi ufukweni, alikokaa majuma mawili akinunua samaki wakavu. Kambini kule shimo la choo likichimbwa leo huporomoka kesho, kwa kuwa ardhi ni mchanga na maji yako karibu, basi watu hujisaidia kwenye matete na hunywa maji ya ziwa lile lile. Alirudi nyumbani tumbo limekwisha kuchafuka. Nguo zake zilifuliwa mtoni, hatua chache juu ya mahali pa kuchotea, na usiku ule mvua ikanyesha. Alipokufa, jamaa zake walimwosha kama ilivyo faradhi na heshima ya wafu, na mikono ile ile, ambayo haikupata sabuni, ndiyo iliyosonga ugali wa waombolezaji.

Na ajuza? Nilimwendea mwisho, jua likitua, nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapo kwenye kigoda."

Nilimwuliza anakula nini na anakunywa nini tangu asubuhi hata usiku, akastaajabu kuulizwa jambo dogo namna ile siku kubwa namna ile. Akanieleza kwamba kifua kilimsumbua tangu ujana wake, na kwa miaka mingi hakupata kutia maji baridi kinywani, kwa kuwa yalimletea kikohozi cha kutwa kucha. Alichokunywa ni uji wa ulezi ukiwa moto na maji yaliyochemka na mchaichai, kutoka bakuli lake mwenyewe, ambalo hapana mtu mwingine aliyelitumia kwa sababu wote walikiogopa kile kikohozi. Wasikilizaji wangu, fikirini jambo hili pamoja nami. Ule upweke uliomfanya ajuza yule ashukiwe, bakuli lake la peke yake, jiko lake la peke yake, chungu chake kisichoepuliwa motoni, ndio uliomwokoa. Watu waliuona ukweli kwa macho yao, maana kweli alisalimika ilhali wengine walikufa. Walikosea swali tu, na kwa kukosea swali wakaipindua ithibati ya usalama ikawa ithibati ya hatia.

Wala kosa hilo si letu peke yetu. Mwaka 1854 mji wa London, uliokuwa mkubwa kupita miji yote ya dunia kwa wakati ule, ulikufa watu kwa kipindupindu, na wataalamu wake wengi walishikilia kwamba maradhi hutoka katika hewa inukayo. Tabibu mmoja, John Snow, ambaye hakupata kukiona kijidudu chenyewe hata siku ya kufa kwake, alifanya lile tulilolifanya sisi kule bondeni: alikwenda nyumba kwa nyumba akauliza waliokufa walichota maji wapi, akakuta vifo vingi vimezunguka bomba moja la mtaa wa Broad Street, na mpini wa bomba lile ukaondolewa. Mwaka huo huo Mwitalia mmoja, Filippo Pacini, alikiona kijidudu kwa darubini na akaandika habari zake, na dunia haikumjali. Ilipasa kungojea hata mwaka 1883, waba ulipoingia Misri, ndipo Mjerumani Robert Koch alipokwenda Alexandria na kisha Calcutta kule Bara Hindi, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata akawatangazia watu kwamba msababishi ni bakteria aliyepindika mfano wa alama ya mkato tunayoitia katika maandishi.

Nasi katika pwani yetu tuna habari yetu wenyewe, ambayo nasikitika kwamba haisomeshwi mashuleni. Huko Unguja katika miaka ya 1869 na 1870 waba uliua watu kwa wingi wa kutisha, na tabibu mmoja Mskoti, James Christie, aliyekuwa akiwatibu watu wa Unguja, alijitia kuuliza ulikotoka. Aliwahoji wafanya biashara na wasafiri wa misafara, akaunganisha habari hii na hii, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1876 akaonyesha jinsi maradhi yalivyosafiri kutoka pande za Bahari ya Sham na Uhabeshi, yakapita nchi ya Wamasai, yakafuata misafara ya pembe hata Pangani, na kutoka Pangani yakavuka maji. Yaani maradhi hayakuwa na miguu ya kwao. Yalitembea kwa miguu ya wapagazi, yakalala walipolala, yakanywa visima walivyokunywa.

Bakteria wa kipindupindu amezwapo pamoja na maji au chakula, wengi wa jamii yake hufa katika uchachu wa tumbo. Wachache wapitao hujishikiza katika utumbo mwembamba, huzaana, na hutoa sumu ambayo haiunguzi wala haikati kitu, ila huuamuru utumbo ufungue milango yake na kuyaachia maji ya mwili, hata mtu mzima aweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Basi mgonjwa hafi kwa kuoza wala kwa kuliwa ndani, kama nilivyowasikia wengine wakisema. Hufa kwa ukame, kama shamba lililokosa mvua. Na kwa kuwa yu katika ukame, dawa yake ya kwanza ni maji: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, yanywewe kidogo kidogo pasipo kukoma wakati mgonjwa anapopelekwa zahanati. Asiyetibiwa, katika hali mbaya, hufa mmoja katika kila wawili. Wakitibiwa mapema, hafi hata mmoja katika mia. Kila nizitazamapo hesabu hizi mbili zikiwa pamoja, nakumbuka watoto wale wawili, nami nashindwa kuendelea kwa haraka.

Ipo sababu nyingine inayoifanya Rukwa yetu iwe mahali pa hadhari. Bakteria wa kipindupindu hupenda maji yenye chumvi kidogo na magadi, na ziwa letu ni ziwa lisilo na mto wa kuyatoa maji yake. Kinachoingia hakitoki ila kwa jua, na magadi hubaki. Ziwa hilo, pamoja na kambi zake zisizo na vyoo na wavuvi wanaohama pamoja na samaki, lina kila kitu ambacho maradhi haya yanahitaji. Wimbi la sasa la kipindupindu duniani lilianza kule Sulawesi, Indonesia, mwaka 1961, likaingia nchini kwetu katika miaka ya 1970. Na mlipuko ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka 2015 haukuwa mdogo, kwani hata kufika mwanzo wa mwaka 2018 Tanzania ilikuwa imeandikisha wagonjwa zaidi ya 33,000 na vifo zaidi ya 500. Bonde letu lilikuwa miongoni mwa mahali ambapo moto huo ulikataa kuzimika.

Nimekaa sana kwenye bakteria kwa kuwa ndiye adui niliyekutana naye uso kwa uso, na sitawachosha kwa kuwataja nduguze wote, homa ya matumbo na kifua kikuu na wengineo. Lakini iko jamii ya pili, nayo ni virusi, na kutowatofautisha hawa na wale kunatugharimu roho na fedha. Bakteria, ijapokuwa ni mdogo, ni kiumbe kamili: hula, hukua, hugawanyika. Virusi hana uhai wa kujitegemea. Mrusi Dmitri Ivanovsky, mwaka 1892, akichunguza ugonjwa wa majani ya tumbaku, alikuta kwamba ulipenya hata katika chujio lililozuia bakteria wote. Mfano wa virusi ni mgeni aingiaye nyumba ya mfinyanzi usiku, asiwe na udongo wala tanuri lake, akamlazimisha mwenyeji kuacha vyungu vyake na kumfinyangia yeye wageni wengine mfano wake, hata nyumba ikajaa na kupasuka.

Kwa sababu hiyo dawa zile zinazomwua bakteria hazina la kumfanya virusi. Naona watu wanunuao vidonge vya rangi mbili dukani kwa ajili ya mafua, viwili leo na viwili kesho, wakaacha walipojisikia nafuu. Mafua hayakuitikia dawa ile, yalikwisha kwa muda wake, ila bakteria wengine walio mwilini walipata kuionja dawa kidogo kidogo na kujifunza kuishinda, hata siku watakapoleta maradhi ya kweli, dawa itakuwa imekwisha nguvu. Namsihi mwenye duka aliye msikivu asiuze nusu dozi, na namsihi mama aliyebeba mtoto asimlazimishe mganga wa zahanati kumchoma sindano isiyohitajika.

Njia ya virusi wengi ni pumzi. Surua ndiyo bingwa wao: mgonjwa akikohoa chumbani kisha akatoka, hewa ya chumba kile yaweza kumwambukiza aingiaye hata saa mbili baadaye, na mgonjwa mmoja katikati ya watu wasiochanjwa aweza kuambukiza 12 hata 18. Majirani zetu wa Mpimbwe, mkoani Katavi, mwanzoni mwa mwaka 2023 walizika watoto kwa sababu yake. Chanjo yake hutolewa bure mtoto afikishapo miezi 9, na tena miezi 18, na ile ya pili ndiyo inayosahauliwa, maana wakati huo mtoto anatembea, ananenepa, na kadi imekwisha kuwekwa chini ya sanduku.

Uwanda wetu wenyewe ulipata kuwa njia ya virusi mkubwa wa karne iliyopita, na sina hakika kama vijana wetu wamepata kusimuliwa. Tarehe 25 Novemba 1918, Jenerali wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, Paul von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini pale Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, mwendo mfupi tu kutoka Kalambo. Askari wake na wapagazi, watu waliochoka kwa miaka minne ya kutembea na njaa, wakateremshwa Kasanga, wakapakiwa majini kwenda Kigoma, na kutoka huko reli. Wakati huo mafua makuu yalikuwa yamekwisha kushuka bandarini Afrika Kusini mwezi Septemba, yakapanda na reli kuelekea kaskazini. Baadhi ya wale waliozipona risasi wakafa kwa homa katika kambi walizorundikwa. Inakadiriwa kwamba mafua yale yaliua watu wapatao milioni 50 duniani, na virusi vya mafua ya binadamu havikutambuliwa hata mwaka 1933. Watu wa zama zile walizika tu, wasijue walichokizikia.

Na maji yale yale ya Ziwa Tanganyika yakabeba habari ya namna nyingine karibu miaka mia baadaye. Mwezi Mei mwaka 2015, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijazana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa baina ya mlima na ziwa, na kipindupindu kikawaingia. Walikufa watu wapatao 30 kwa muda mfupi. Meli iliyowachukua kuwapeleka Kigoma ilikuwa Liemba, hii yetu, ambayo watu wa Kasanga na Kipili wameijua kwa honi yake tangu enzi za babu zao. Mlima, ufuko mwembamba, watu wengi, choo hakipo, maji ya kunywa ni ziwa: ukiliweka daftari langu la bondeni kando ya habari za Kagunga, utadhani ni ukurasa mmoja.

Sasa nirudi kwenye lile swali la nani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 uwanda huu ulipitiwa na Kamchape, vijana waliotembea kijiji kwa kijiji wakidai kuwafichua wachawi, kuwanywesha dawa na kuzikusanya pembe na hirizi. Mtafiti Roy Willis, aliyeishi Ufipa wakati ule, ameandika habari zao. Siwacheki wale waliowapokea. Watu walikuwa wakifiwa, na hapana aliyekuja na jibu jingine mlangoni mwao. Aliyekuja na jibu lolote alipewa kuku. Lakini ulikuwapo pia, ng'ambo ya pili ya nchi hii ya magharibi, mfano mwingine wa mtu aliyekuja. Adrian Atiman alizaliwa Sudani ya Magharibi, karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa utabibu kisiwani Malta, na mwaka 1889 akafika Karema kwenye ufuko wa Tanganyika. Hakuondoka tena. Alitibu watu pale hata alipokufa mwaka 1956, miaka 67, na leo hospitali moja ya mji wetu wa Sumbawanga yaitwa kwa jina lake. Nifikiripo mtu aliyekuwa na haki kuliko sote ya kuuliza nani amenitenda haya, naye akayatumia maisha yake kuuliza huyu mtoto ameugua kwa njia gani, hupata haya ya kunung'unika.

Redio nayo, chombo hiki hiki mnachonisikilizia, ilipata kuifanya kazi hiyo. Mwaka 1973 Redio Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya: kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, chini ya miti na katika madarasa, kijitabu mkononi, wakasikiliza habari za malaria, kuhara, kichocho na kifua kikuu, kisha wakazungumza na kuamua watafanya nini kabla ya kipindi kijacho. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu nchi nzima. Nguvu ya kampeni ile, kwa rai yangu, ilitoka katika lile neno "kisha": redio ilinyamaza, na watu wakabaki wakitazamana, wakaulizana nani atachimba na lini.

Lakini nisiwatwike wanakijiji mzigo wote, maana sitakuwa nimesema kweli. Mtu aweza kuchemsha maji akiwa na kuni. Aweza kuchimba choo ardhi ikikubali. Penye mchanga unaoporomoka panahitaji choo cha kujengwa, na choo cha kujengwa kina gharama ambayo mvuvi wa kuhamahama hana. Kisima kirefu, bomba la maji ya mserereko kutoka ukingoni, dawa ya kutibu maji inayofika kabla ya mvua na si baada ya maiti, hayo ni deni la wenye mamlaka kwa raia, nami nimehudhuria mikutano mingi ambamo deni hilo liliahirishwa kwa maneno matamu. Mtu wa Muze hawezi kuulizwa kwa nini amekunywa mto, ikiwa mto ndio aliopewa.

Kule kijijini tuliweka dawa katika maji ya kunywa, tukafunga mahali pa kufulia, tukawapeleka wagonjwa wengine tisa kituoni, na wote walirudi. Kabla sijaondoka niliketi na wazee, nikawasomea daftari langu ukurasa kwa ukurasa, kambi, mto, nguo, mvua, ugali, bakuli la ajuza. Walisikiliza kwa adabu. Mmoja akaniuliza kama naweza kuandika jambo hilo katika karatasi yenye muhuri, ili liwe neno la serikali, nikaandika.

Nilipita kumuaga ajuza yule asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka ziwani. Alinipa uji katika kikombe kipya alichokiazima, kwa kuwa hakutaka niingie katika bakuli lake. Nikamwambia kwamba sasa watu wamejua, na hapana atakayemgusa. Alinyamaza kitambo, akikoroga chungu.

"Wamekuja kuniuliza mambo mengi tangu siku ile, mwanangu," akasema. "Wewe umekuja kuniuliza nakunywa nini. Lakini yule alikuwa mwanangu wa kumzaa, na wale wadogo nimewalea mgongoni. Mpaka leo hakuna aliyenipa pole."

Nikakiweka kikombe chini, nikasimama, nikampa mkono.